Kinyamazishi cha Gidamis

Katika mashindano ya ustahimilivu, Gidamis Tluway alikuwa akisukuma kigari cha vyuma kisicho na magurudumu, kizito kama ng'ombe, huku akipiga mluzi. Nyuma ya shingo yake kinyamazishi kilimulika kijani. Kilikuwa kidude kidogo kama punje ya mahindi, kazi yake kuzuia malalamiko ya misuli yasifike kwenye ubongo. Uwanja mzima wa Arusha ulilipuka kwa vifijo.

Paskalina, dada yake, mhandisi aliyekibuni, alisimama kando ya njia.

"Unasukuma kama mgonjwa!" alimpigia kelele.

"Mgonjwa wako anaongoza, dada!"

Paskalina akashusha pumzi. Hivyo ndivyo alivyompima tangu mazoezini: mwanariadha anayerudisha utani bado ana nguvu, akikosa jibu, asimamishwe. Gidamis akakimbia mzunguko, akabeba mifuko ya mchanga, akakimbia tena, na kila alipochokozwa alijibu.

Ndipo kioo cha kompyuta ndogo mkononi mwa Paskalina kikaonyesha joto la mwili: nyuzi arobaini na moja, na linapanda. Akamtazama vizuri. Ngozi ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho. Misuli iliyochanika ilikuwa ikimwaga sumu kwenye damu, na mdomo bado unatania. Utani ulikuwa kipimo cha uchovu, na uchovu ndio aliouzima yeye mwenyewe.

"Gida, simama!"

"Nisimame? Dada, umehongwa nini?"

Akapita akicheka, miguu ikigonga ardhi kama magongo.

Paskalina aliweka kidole juu ya kioo. Akikizima kinyamazishi, maumivu yote yangerudi kwa mkupuo, na moyo ungeweza kusimama. Akikiacha, mdogo wake angekimbia huku akicheka mpaka afe.

Akabonyeza.

Gidamis alianguka kifudifudi. Kilio chake kiliunyamazisha uwanja. Paskalina alimkimbilia, akamgeuza, akakilaza kichwa chake mapajani.

"Mgongo, dada! Mikono! Kifua kinawaka moto!"

"Lia, mdogo wangu. Lia tu." Alikuwa karibu kucheka kwa shukrani: kiungo kinachouma bado ki hai. Watu wa huduma ya kwanza walikuwa wakimmwagia barafu. "Na miguu?"

Gidamis akainua kichwa. Akaitazama miguu yake iliyovimba na kukakamaa kama magogo, kama anayetazama ya mtu mwingine.

"Miguu haina neno," alisema. "Miguu haiumi kabisa."