Nafasi Imejaa

Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu jana, lakini asubuhi ile ilinuka nywele zilizoungua. Mpiga picha wa pasipoti aliinusa, akaguna, akaiwasha. Binti yake, aliyekuwa akifagia studio kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alimtania tena kwamba alinunua kikokotoo. Kweli ilikuwa ndogo. Vitufe vilibanana, betri ilikufa kabla chai haijachemka, na kumbukumbu yake ilikuwa kiduchu, hata kila jioni ilimbidi afute picha za wateja ili kesho apate pa kuweka nyingine. Lakini bei ilikuwa ya kutupa, na mchagua jembe si mkulima.

Akaingia mwanamume mwenye tepu ya kupimia nguo shingoni. Mpiga picha alipomkaribisha kama mteja mgeni, yule mwanamume aliishika tepu yake kwa mikono miwili.

“Na wewe pia?” alinong'ona. “Dada, mimi ndiye fundi cherehani wako. Tumepakana ukuta miaka yote hii. Jana umenipiga picha, nimerudi nyumbani, mke wangu ananiuliza mimi ni nani.”

Akatoa picha mfukoni. Nyuma zilikuwa na muhuri wa studio. Mpiga picha aliutazama ule muhuri, akautazama ule uso, asikumbuke kuuona popote. Binti yake naye akatikisa kichwa. Hapo hofu ilimshika mpiga picha kweli.

“Nilizifuta jana jioni,” alisema polepole.

Fundi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. “Basi humo mna jini, na linakula unachofuta. Nakuomba, usifute tena.”

Alipotoka tu, maandishi yakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta: nafasi imejaa, nifute? Bonyeza N kwa ndiyo, H kwa hapana. Chini yake ulikuwepo uso wa binti yake, picha aliyoitumia kila asubuhi kupima rangi za printa.

Alichomoa waya ukutani, lakini betri ile isiyodumu haikuzima, na ndani ya kompyuta isiyo hata na feni ikaanza kusikika pumzi nzito, ikivutwa na kushushwa, na harufu ya nywele ikajaa chumba hadi binti akakohoa na kumwita kwa woga, naye, akimwomba Mungu amwachie mtoto wake wa pekee, akapeleka kidole kwenye H, taratibu kuliko alivyowahi kubonyeza kitufe chochote maishani, na vile H na N zilivyobanana, kidole kikagusa zote mbili.

Pumzi ikakatika. Harufu ikaisha.

Mpiga picha aliinua kichwa. Mbele yake alisimama msichana mwenye ufagio mkononi, machozi yakimtoka.

“Karibu,” alimwambia kwa upole aliouzoea kwa wateja wote. “Picha za pasipoti?”

“Mama, ni mimi.”

“Haya, mwanangu, kaa hapo kwenye stuli. Futa machozi, picha haitatoka vizuri.” Akachungulia mlangoni, hakuona mtu mzima. “Umekuja na nani?”