Kazi Itakaporuhusu

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja, nikachota maji, halafu nikasimama nyuma ya migomba kusubiri ndege. Ilipita juu ya kijiji chetu cha Kibimba ikielekea kiwanja cha ndege cha Ngara, imebeba vyakula vya wakimbizi. Nilijua kwamba baada ya muda mfupi baba yangu, Leonidasi, angeiongoza kwa vibao viwili mpaka mahali pa kuegesha, kisha yeye na wenzake wangeshusha magunia. Ndege niliiona kila siku. Baba sikuwa nimemwona kwa miezi saba.

Shirika dogo la ndege lilimwajiri wakati ambapo ndege mbili kwa wiki zilikuwa habari ya mji mzima. Mwaka uliofuata wakimbizi walimiminika kutoka Rwanda, na ndege zikawa hazikatiki. Baba akawa analala hukohuko kiwanjani. Barua zilikuja, sabuni ilikuja, yeye hakuja. Mama alisema tuvumilie, ni kazi. Mimi nilikuwa nimechoka kuvumilia, nasema kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Jumapili iliyokuwa ikija ningepokea sakramenti ya Kipaimara, na nilimtaka baba yangu kanisani.

Nakala ya mkataba wake wa kazi ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Jumatatu niliitoa nikaisoma yote, maana nilikuwa hodari wa kusoma na nilijivuna kwa hilo kupita kiasi. Kifungu cha likizo kilisema hivi: mfanyakazi atapewa likizo kazi itakaporuhusu. Haya, kazi gani ingeruhusu, na ndege zinashuka nne kwa siku? Lakini kifungu kilichofuata hakikuwa na masharti yoyote. Mfanyakazi aliyefiwa na mzazi atapewa siku tano.

Nikachana karatasi ya daftari nikaandika kwamba Bibi Francisca, mama mzazi wa Leonidasi, amefariki. Nikampa jirani yetu Matiasi, aliyekuwa akipeleka ndizi Ngara, nikamwambia ni barua ya kawaida ya nyumbani. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiambia kwamba baba akifika na kumkuta mama yake mzima, atacheka.

Hakucheka. Alifika Jumatano jioni kwa lori la shirika, pamoja na wenzake watano waliokuja kumzika mama wa mwenzao. Alikuwepo pia Mama Priscila, karani wa mizigo na katibu wa tawi la chama chao cha wafanyakazi. Bibi alikuwa uani anachambua maharage. Aliinua kichwa, akauliza nani amekufa. Baba alimtazama, akaketi mavumbini palepale, akaishika miguu ya mama yake na kulia kwa sauti. Miezi saba nilikuwa nikiwaza jinsi atakavyoshuka garini, na sasa ameshuka, na mimi ndiye niliyemliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasema yote. Mama aliinua mkono anichape, lakini Bibi akamzuia. Alisema yeye ndiye marehemu, na kwanza anataka kujua amekufa tangu lini.

Watu walicheka kidogo, isipokuwa Mama Priscila. Alinieleza kwamba Ijumaa wangekaa na meneja kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya mwajiri na wafanyakazi wote kwa pamoja, badala ya kila mtu kuomba kivyake. Walichokuwa wakidai ni likizo yenye tarehe. Meneja naye alikuwa akisema kila siku kwamba wafanyakazi hawaaminiki, ukiwapa nafasi watatunga visingizio. Na msemaji waliyemchagua alikuwa baba yangu.

Mmoja wao, Audax, akatoa wazo. Tunyamaze. Siku tano zimeshatolewa, Leonidasi abaki mpaka Jumapili amwone mtoto wake akipokea Kipaimara. Ijumaa waende wengine. Nani atajua?

Nilimtazama baba. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kulishika shati lake. Nilitaka akubali. Jamani, nilitaka mno. Baba naye alinishika bega, nikaelewa kwamba hata yeye anataka.

"Baba," nikasema, "meneja akija kujua, atawaamini tena? Nipeleke kwake. Barua nimeandika mimi."

Kesho yake tulikwenda. Meneja, Mzee Aristides, aliitikia shikamoo yangu akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema mwandiko wangu ni mzuri na uongo wangu ni mbaya. Ndipo Mama Priscila akauweka mkataba mezani.

"Mzee, mtoto huyu ameusoma mkataba wetu wote," alisema. "Amekuta njia moja tu ya kumwona baba yake, nayo ni mtu afe."

Meneja aliuvuta mkataba akakisoma kile kifungu cha likizo. Kisha akamwambia baba kwamba Jumapili anaweza kwenda kanisani, yeye peke yake, mradi hoja ya likizo ingoje mwaka ujao. Moyo wangu ulirukaruka kwa furaha.

"Ahsante, mzee," baba akajibu. "Lakini hawa wenzangu nao wana watoto. Tuonane kesho, sote."

Nililia njia nzima kurudi Kibimba. Jumapili nilipokea Kipaimara, Mama upande mmoja na Bibi upande mwingine. Niligeuka kuutazama mlango wa kanisa mara tatu. Hakuonekana.

Wiki mbili baadaye Mama Priscila alipita kwetu, akiwa kwenye likizo yake ya kwanza. Walikuwa wamejadiliana siku mbili. Wafanyakazi walikubali kupokezana ili ndege zisikose watu, na meneja akakubali kwamba kila jina liwe na tarehe yake. Maneno "kazi itakaporuhusu" yalifutwa. Zamu zilipangwa kwa kura, na baba aliangukia tarehe kumi na nne Agosti. Ilikuwa bado miezi miwili, nami nikanuna.

"Sikiliza, Jovina," Mama Priscila akaniambia. "Mkataba ni ahadi iliyoandikwa, na huwezi kuahidiana na mtu asiyekuamini. Ungenyamaza siku ile, baba yako angepata Jumapili moja na sisi wengine tungekosa yote. Ulisema kweli ingawa ilikuumiza, na meneja akakosa la kutusingizia. Unachokitaka kidai kwa ukweli, tena pamoja na wenzako, hata kikichelewa."

Nilimkumbuka baba kila siku ya miezi ile miwili, labda kuliko zamani. Tofauti ni kwamba sasa nilijua nasubiri mpaka lini.

Tarehe kumi na nne Agosti, kabla ya saa nne asubuhi, baba aliingia uani kwa miguu, begi begani. Hakuna mtu aliyekuwa amekufa.