Gobore Nililomkabidhi Mtani

Nina miaka hamsini na mmoja, Mnyamwezi wa Tabora, mume wa mke mmoja na baba wa pacha, Kulwa na Doto. Hapa Granville, Sydney, nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Nalea baba za watu! Wangu amekufa mbali, akiniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu... Wasomaji wenzangu, nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo watu wanacheka.

Baba alikuwa mwindaji. Gobore lake ndilo lililotulisha nyama na kunisomesha, mpaka ilipotangazwa watu wasalimishe silaha. Alilifunga ndani ya shuka lake zuri akalipeleka kituoni mwenyewe. Tangu siku ile hakulitaja tena.

Kisha corona ikaja. Mipaka ya Australia ikafungwa, na baba akaanza kuumwa figo. Siku moja kwenye simu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Alitaka kulisikia gobore likilia mara moja tu kabla hajaenda. Nikacheka kwanza, halafu machozi yakanitoka.

Sasa, hapa Sydney gobore linaruhusiwa, ukiwa na leseni. Kuna wazee wa Kizungu wenye ndevu hadi kifuani, wana klabu yao, Jumapili wanashindilia baruti na kupiga shabaha. Nikajiunga nao, nikamwahidi baba nitalipiga huko naye alisikie kwenye simu. Nikasoma kozi, nikapata leseni, nikanunua na sanduku la chuma la kufungia silaha. Lakini gobore lililokamilika halikupatikana, mizigo ilikuwa imekwama kila mahali. Lililopatikana lilikuwa la vipande: mtutu, mtambo wa kufyatulia, mdeki wa kushindilia baruti, na mbao ya kitako iliyochongwa nusu. Unaunganisha mwenyewe. Mimi hata stuli siwezi kuunganisha!

Mzee mmoja wa klabu akanielekeza kwa fundi bunduki mwenye leseni. Nikamshukuru sana... halafu vipande nikampelekea mtani wangu.

Msomaji usiyejua utani, nikueleze. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakamata kuku wako bandani, akacheka kwenye msiba wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Mwinshehe ni Mzaramo wa Kisarawe, seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba anayokaa Cabramatta. Meza tunayolia chakula kaitengeneza yeye. Huku ugenini, ambako hakuna shangazi wala mjomba, mtani ni zaidi ya ndugu. Kazi ya baba yangu ningempaje mtu baki?

Nilikusudia kumwachia mbao tu. Akasema kitako hakichongwi hewani, lazima kifuate mtutu, niache vyote. Sheria hairuhusu kumwachia silaha mtu asiye na leseni, na hilo nililijua vizuri. Nikaacha vyote.

Alivipokea kwa kelele. "Mnyamwezi wewe! Babu yako alimbebea babu yangu mizigo mpaka Bagamoyo, leo mimi nikubebee bunduki? Dunia imegeuka!" Tukacheka mpaka machozi. Nikamweleza habari ya baba na lile ombi lake. Akaniahidi kazi itakwisha kabla ya Pasaka.

Pasaka ikapita.

Nikampigia. "Mtani, niko isolation," akasema, akakohoa kidogo. "Kuna jamaa kazini amekuwa positive. Usije kabisa, utapeleka ugonjwa kwa wazee wako." Ungemjibu nini mtu kama huyo? Miaka ile ukitaja corona, mlango umeshafungwa. Jumamosi hiyohiyo mke wangu, Mama Kulwa, alikwenda Cabramatta sokoni kutafuta kisamvu, akamwona Mwinshehe anachagua samaki, barakoa iko kidevuni, anapiga soga na wauzaji.

"Baba Kulwa," aliniambia akitua mifuko, "mtu wako wa isolation anakula vizuri sana."

Nikamtetea. Nikasema labda kamfananisha. Lakini tangu saa ile wasiwasi ukaniingia, ukakaa.

Nikaenda karakana bila taarifa. Mwinshehe alinipokea akiwa amesimama katikati ya mlango, na chai akaniletea hapohapo nje. Mzaramo akupe chai ukiwa umesimama! Nikaomba kuona gobore. Akanionyesha kwa mbali kitu kirefu juu ya benchi, kimefungwa blanketi. Nikataka nikishike, akasema vanishi haijakauka. Vanishi gani mbichi inafungwa blanketi? Swali lilifika ulimini nikalimeza, maana mtani hahojiwi kama mwizi.

Nikaanza kumtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Gobore liko wapi, mtani? Akajibu limeliwa na mchwa. Nikacheka. Mara nyingine akasema mkewe amelifanya mwiko wa ugali. Nikacheka. Halafu akasema hivi: "Gobore lako nimeshaliuza, mtani. Kuna Mzungu anataka kulitundika sebuleni. Njoo tule hela."

Nikacheka tena! Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, kicheko kirefu, nikamwambia amuuze na mkewe, ampe Mzungu wote wawili kwa bei ya jumla.

Mama Kulwa alikuwa anakunja nguo. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. "Mwulize vizuri." Nilimkasirikia. Nitamwulizaje mtani "vizuri"? Kumwuliza hivyo ni kumwambia utani umekwisha, na ukiisha, huku Sydney ninabaki na nani?

Na baba kila Jumapili alikuwa anauliza limefikia wapi. Nikawa namdanganya. Linapigwa msasa, baba. Linapakwa rangi, baba. Sauti yake ilikuwa inazidi kupungua.

Asubuhi moja polisi wawili wakagonga mlango, mwanamume na mwanamke. Hawakuja kwa ubaya. "Just a safe storage check, mate," akasema yule mwanamume. Walikuwa wanakagua silaha imehifadhiwaje, kama wanavyofanya kwa mwenye leseni yeyote. Nikafungua sanduku la chuma. Lilikuwa tupu.

Ikabidi nieleze. Tukafuatana mpaka Cabramatta, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu lile blanketi liwe na gobore la baba. Polisi akalifungua. Ndani mlikuwa na mguu wa meza. Mguu wa meza, jamani!

Mwinshehe hakukana. Alisema kitako kilimpasukia mkononi mwanzoni kabisa, patasi ilipita vibaya, akaona aibu kuniambia. Mtutu na vyuma vingine akamuuzia mtu aliyepita na gari, jina hakuuliza. Kisha akawageukia polisi, mtulivu kabisa. "But I told him, officer. Nilimwambia mwenyewe. He laughed."

Akatoa simu, akabonyeza. Kicheko changu kikajaa karakana nzima.

"Sir, is that you?" yule polisi wa kike akaniuliza.

Ningekana vipi? Leseni ikafutwa. Sote wawili tukafunguliwa kesi, na kazini wakanisimamisha mpaka iishe. Mtutu haujapatikana hadi leo! Uko mikononi mwa nani? Nikisikia king'ora kinapita barabarani, moyo unaruka.

Nikaamua kumweleza baba ukweli. Nilipopiga, dada yangu alimwekea simu sikioni, na kabla sijafungua mdomo baba akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbona silisikii?" Alidhani nimepiga ili asikie. Nikashindwa... Nikasema mtandao ni mbovu, nitapiga tena. Alifariki kabla sijapiga. Mipaka ilikuwa bado imefungwa, nikamzika baba yangu kwa kutazama simu.

Tuliweka matanga nyumbani, watu wachache walioruhusiwa, madirisha wazi, baridi kali inaingia. Walikuja Watanzania wenzangu, Mrundi mmoja ninayefanya naye kazi, na jirani yetu Mkongo. Na Mwinshehe akaja. Alivua viatu, akajilaza mkekani mbele ya picha ya baba, akaweka kiganja sikioni.

"Nasikiliza!" akaita kwa sauti ya kizee. "Mbona silisikii? Kumbe mwanangu kaniletea mguu wa meza!"

Watanzania wakaangua kicheko. Ndivyo desturi ilivyo, mtani huigiza marehemu, watu wapate kupumua. Jirani yangu Mkongo alikodoa macho. "Huyu papa anacheka deuil, matanga ya watu? Ni nani?"

Maneno yaleyale ya baba! Mwinshehe hakujua, sikuwa nimemwambia mtu. Nikamkamata ukosi, nikamwinua kutoka mkekani. Nilitaka kumuumiza, sitawaficha.

Mzee wa jumuiya yetu akanifokea. "Mwachie! Mtani ana haki yake msibani. Unamvunjia heshima baba yako!" Mimi ndiye ninayemvunjia heshima! Wote wakawa upande wake. Nikatakiwa kuomba radhi palepale. Mke wangu alikuwa mlangoni kwa jiko, ananitikisia kichwa nisiombe.

Nikaomba. Nilimshika mkono mtu yule mbele ya picha ya baba nikasema, nisamehe, mtani. Akanikumbatia akalia kwa kwikwi, na mpaka leo sijui kilio kile kilikuwa cha toba au alikuwa bado anaigiza.

Ndugu zangu, sisemi mtupe utani. Nao ni dawa, hasa ugenini. Ila kazi yenye roho ya mtu ndani yake mpe mtu unayeweza kumkunjia uso ukamwuliza, naye akalazimika kukujibu. Kama desturi inakukataza kumkasirikia, mpe chai, mpe kuku, mpe hata kiti chako, lakini usimpe kitu usichoweza kukipoteza. Mimi nilimwogopa mtani kuliko nilivyomwogopa Mungu, na nilipotilia shaka nikaificha shaka yangu kwa kicheko.

Na wewe ambaye mzazi wako yu hai huko nyumbani, akikuomba jambo dogo, mtafutie fundi wa kweli leo, hata awe mtu asiyejua kabila lako. Baba yangu alikufa anasikiliza. Tafadhali, wa kwako asife hivyo.