Wavu wa Dirisha la Stoo

"Imeiva?" Bosi aliuliza bila kuinuka kitini.

"Bado," sauti ya mwanamke ikamjibu.

Hakuna aliyeshtuka. Uwanja wa nyuma ya karakana ya kushona ulikuwa umejaa mafundi, wengi wao wanawake, na kila mmoja alidhani aliyejibu ni mwenzake. Ni Vifungo peke yake aliyeinua kichwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na jina hilo alilipata kwa sababu kazi yake ilikuwa kushonea vifungo. Ile sauti aliijua. Kwa miezi minane hakuwa ameisikia.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Walikuwa wamemaliza oda ya sare za shule, na Bosi alikuwa ameahidi kuwachomea nyama. Jiko la kukodi halikufika. Ndipo Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka karakana ya jirani, alipopekua vyuma chakavu nyuma ya stoo akavuta wavu wa nondo, kufuli kuukuu bado likining'inia kwenye komeo lake. Akausugua kwa brashi ya waya, akaulaza juu ya matofali, akawasha makaa chini yake.

"Huo ni wavu wa dirisha la stoo," Mama Mkasi, mkata vitambaa, alimnong'oneza. "Urudishe ulipoutoa."

"Mama, chuma ni chuma. Moto unasafisha kila kitu."

Mama Mkasi akamtupia Vifungo jicho.

Stoo ile ndimo alimofia dada yake Vifungo. Moto ulianzia mlangoni, akakimbilia dirishani, akakuta wavu umefungwa kwa kufuli. Msibani Bosi alimwambia mama yao kwamba ufunguo alikuwa nao dada mwenyewe, na kwamba moto aliuwasha yeye kwa kusahau pasi. Tangu siku hiyo mama yao hakulitaja tena jina la mwanawe mbele ya watu. Vifungo aliacha shule akakalia kiti cha dada yake, na kila alipokosea Bosi alisema, "Nyinyi uzembe uko kwenye damu." Alikuwa akimeza maneno hayo, akiinama, akiendelea na sindano.

Saa nzima ilipita. Cheche alipepea mpaka kofia yake ikamvuka kichwani ikaangukia kwenye makaa, ikateketea kabla hajasema "jamani." Lakini nyama, sentimita chache juu ya moto uleule, ilikuwa mbichi na baridi. Matone ya maji yalikuwa yameifunika kama imetoka kwenye friji sasa hivi.

"Huyu ng'ombe alikuwa zimamoto, nini?" mshonaji mmoja aliuliza, na uwanja ukaangua kicheko.

"Cheche, ukishindwa ichomelee kwa mashine!"

"Mtaniheshimu tu, ikiiva mtaramba vidole!"

"Imeiva?" Bosi akafoka.

"Bado."

Safari hii wote walikuwa wanatazamana, na hakuna mdomo uliokuwa umefunguka. Kicheko kikakatika. Harufu ikaja, na haikuwa ya nyama. Ilikuwa harufu ya kitambaa kipya kinachoungua, na chini yake, nywele.

"Wajinga nyie, hata nyama inawashinda," Bosi alisema akija na koleo mkononi. Alipofika kwenye wavu, mfuko wa suruali yake ulianza kufuka moshi. Akaruka. Akajipiga paja, akazunguka, akaruka tena, na baadhi ya watu walicheka kwa hofu. Mama Mkasi akammwagia jagi la maji. Maji yakachemka palepale pajani. Akapiga yowe, akang'oa shada la funguo mfukoni, akalitupa chini. Ufunguo mmoja ulikuwa mwekundu kama kaa la moto.

Cheche aliinama kuutazama. "Huu una nati kichwani. Niliichomelea mimi. Ni wa kufuli hili hapa." Akaunyooshea kidole wavu. "Na ulikuwa mmoja tu. Bosi, si ulisema alikuwa nao marehemu?"

Bosi alikamata wavu kwa mikono miwili ili aupindue, na mikono ikagoma kutoka. Cheche akamvuta kiunoni, mafundi wawili wakamvuta Cheche, lakini vile vidole vilikuwa vimeshika kama vimechomelewa, na chini ya nondo, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kukaa, vidole vingine kumi vyeusi kwa masizi vilijitokeza kimoja kimoja, vikazishika nondo zilezile kwa upande wa ndani, na moshi, ingawa upepo ulivuma kwenda barabarani, ukageuka wote ukamwelekea Bosi usoni.

"Nilifunga mimi!" Bosi akalia. "Nilihofia mnapitisha vitambaa dirishani! Sikujua yumo ndani!"

"Bado," ikasema sauti, taratibu.

"Nilimsikia! Alikuwa anagonga, ananiita. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nikasema... nikasema kwanza nitoe mashine."

Papo hapo nyama yote ikaanza kuchirizika mafuta.

Cheche alijaribu kuuokota ufunguo, ukamuunguza, akauachia. Vifungo akasogea akauokota. Kiganjani mwake ulikuwa baridi, kama umelala kwenye mtungi.

"Fungua hilo kufuli, mwanangu," Mama Mkasi alinong'ona. "Huenda akaachiliwa. Fungua."

"Binti yangu, nakuomba," Bosi alisema. Mikono yake ilikuwa imeanza kutoa moshi. "Nitakwenda kwa mama yako. Nitamwambia yote kwa kinywa changu. Fungua!"

Vifungo alilitazama kufuli. Akazitazama zile nondo, na vidole vya masizi alivyovijua, kile cha shahada kikiwa na kovu la sindano. Akautia ufunguo mfukoni mwa aproni, akageuka, akaingia karakanani.

Walimsikia akiburuta kitu. Akatoka amekumbatia cherehani yake, akaiweka chini kivulini, akaifuta vumbi kwa ukingo wa aproni.

"Mwanangu, unafanya nini?" Mama Mkasi alilia. "Imetosha! Imetosha, jamani!"

Kutoka chini ya nondo, kwa upole kabisa, sauti ikajibu, "Bado."

"Nakuja, Bosi," alisema Vifungo. "Kwanza nitoe mashine."

Cherehani zilikuwa kumi na mbili. Akarudi ndani kuchukua ya pili.