Kamera Isiyo na Filamu

Sufiani hakuwa na mke. Hakuwa na nyumba, ila chumba cha kupanga mjini Shinyanga, ambacho paa lake lilivuja upande wa kitanda tu. Hakuwa na taa ya nyuma kwenye pikipiki yake, wala kioo cha pembeni, wala meno mawili ya juu, ambayo aliyaacha mtaroni karibu na Buseresere siku alipogongana na ng'ombe. Hakuwa na mtu wa kumpikia uji alipopata homa. Na asubuhi ile ya mwaka tisini na tisa, alipoegesha pikipiki mbele ya duka la Mzee Mansukhlal, hakuwa tena na kamera, na mpiga picha asiye na kamera ni mtu anayetembea tu.

Kamera yake ya zamani ilikuwa nzito kama tofali. Kwa miaka mingi aliivaa kifuani akizunguka machimbo ya dhahabu ya Geita, akiwapiga picha wachimbaji waliotaka kuwaonyesha wazazi wao kwamba bado wako hai. Walimlipa nusu siku ya kupigwa picha, na nusu siku alipowaletea. Lakini barabara zile hazina huruma. Mtikisiko ulilegeza skrubu moja baada ya nyingine, vumbi likapenya ndani, na mwishowe picha zikaanza kutoka kama zimepigwa ndani ya moshi.

Dukani palijaa watu. Wakulima waliokuwa wameuza pamba waligombania redio, akina mama walikunjua vitenge, na nyuma ya kabati la vioo alisimama mwanamke aliyevaa blauzi ya bluu, khanga nyekundu mabegani, na hina iliyokuwa imeanza kufifia vidoleni. Alimtazama Sufiani kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, kaka. Umetoka safari au umetoka kwenye tanuri la matofali?"

"Ni vumbi la Geita hilo, dada. Halitoki hata kwa sabuni."

"Nimeliona. Nikusaidie nini?"

"Nataka kamera ndogo. Iingie mfukoni mwa jaketi, na iweze kuvumilia pikipiki."

"Kuvumilia pikipiki, au kumvumilia mwenye pikipiki?"

Watu wawili waliosimama karibu wakacheka. Sufiani naye akacheka, akakumbuka pengo lake, akafunga mdomo.

Mwaisha, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, alipanga kamera tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ya filamu, nyeusi, pana kidogo kuliko kiganja. Ya pili nayo ilikuwa ya filamu, na ukiiwasha lenzi yake ilichomoza kama kichwa cha kobe. Ya tatu ilikuwa ndogo, rangi ya fedha, na mgongoni ilikuwa na kioo kidogo.

"Hii ameileta Dhaval, mtoto wa mzee, kutoka Dubai," alisema Mwaisha. "Haitumii filamu. Unapiga, unaiona picha hapohapo. Ikijaa, unaileta hapa, Dhaval anapeleka Mwanza kwa binamu yake mwenye kompyuta, anakutolea kwenye karatasi."

"Bila filamu?"

"Bila filamu. Huhitaji kufungua mgongo njiani, vumbi likaingia. Hii ya kobe mimi siipendi. Ona hapa shingoni, mchanga utajaa siku ya kwanza. Vaa jaketi lako vizuri. Sasa rukaruka."

"Nifanye nini?"

"Ruka, kaka! Si unasema barabara inarusha?"

Alikuwa ameitia ile nyeusi mfukoni mwake kwa mkono wake mwenyewe. Sufiani, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, akaruka katikati ya duka. Kamera ikachupa nje, na Mwaisha akaidaka kabla haijafika chini. Akatia ile ya fedha. Sufiani akaruka, akaruka tena, buti zikapiga sakafu kwa kishindo. Kamera haikutoka.

"Mwaisha!" aliita Mzee Mansukhlal kutoka kwenye kiti chake mlangoni. "Hapa duka au uwanja wa ngoma?"

"Mteja anachagua, mzee!"

Sufiani alichagua. Ili kuijaribu, akamwomba Mwaisha asimame vilevile alivyo. Akabonyeza. Picha ikatokea kwenye kioo, ndogo kama stempu: mwanamke mwenye khanga nyekundu, amekunja midomo asicheke. Mwaisha aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Usiitoe humu," alisema.

Kuanzia hapo, simu ya duka la Mansukhlal ilipata kazi mpya. Kila Sufiani alipofika penye simu, Kahama, Geita au Buseresere, alipiga.

"Duka la Mansukhlal. Nani mwenzangu?"

"Mteja wa kamera."

"Inakohoa?"

"Nzima. Anayekohoa ni mimi. Mwaisha wangu, hujambo?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu niliporushwarushwa mbele za watu. Mwenzio kila nikipumzika chini ya mti naiwasha, nakutazama."

"Utamaliza betri, baba."

"Acha ziishe."

Siku moja alipokuwa Shinyanga walikunywa chai pamoja kwenye mgahawa wa stendi, na Mwaisha akamweleza habari ya ndoa yake iliyovunjika. Siku mume wake alipomwacha, mwanamume huyo alichukua picha ya harusi akaikata kwa mkasi. Alibaki mwanamume peke yake, na bega la mwanamke ambalo mkasi ulishindwa kulitenganisha naye.

"Nyumba na vyombo viliniuma kidogo," Mwaisha alisema, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka. "Bega langu ndilo lililoniuma."

"Yako kwangu haikatwi," Sufiani alisema.

Na alimaanisha.

Mwezi uliofuata alikwenda Nyarugusu. Kazi ilikuwa nyingi. Vijana walitoka kwenye maduara, yale mashimo wanayochimbia dhahabu, wakanawa nyuso, wakaazimana shati moja jeupe, wakapiga picha wakiwa wameshika nyundo. Sufiani alipiga mpaka kamera ikakataa. Kioo kiliandika kwamba imejaa, na foleni ya vijana bado ilikuwa ndefu.

Mtu aliyefanya kazi na filamu nusu ya umri wake ana fikra za filamu. Sufiani alijua kwamba picha ni karatasi tu. Ikichanika, ikilowa, hata ikiungua, negative, yaani ule ukanda wa filamu, ipo, na ukienda studio unasafishiwa nyingine. Alikuwa amemwona Dhaval akibonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka ili kusafisha kioo. Akaona kwamba kusafisha kioo ni kusafisha kioo, na negative zimo humo ndani ya mashine zinasubiri Mwanza. Akabonyeza. Kamera ikamwuliza kwa Kiingereza kama ana hakika na zote. Akakubali. Picha za wachimbaji zikaondoka, na ya Mwaisha ikaondoka pamoja nazo, na yeye akashukuru kwa kupata nafasi.

Wa kwanza kupigwa baada ya hapo alikuwa Mama Nkwabi, muuza wali wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alicheka akiwa ameinua mwiko. Kamera ikalia, betri zikaisha, na mvua ikaanza.

Aliporudi Shinyanga alikuwa amechoka mifupa. Hata hivyo alinyoa ndevu, akavaa shati la drafti lililopigwa pasi, akaingia dukani saa ya watu wengi, akaiweka kamera juu ya kabati kwa majivuno.

"Imejaa kazi. Mwite Dhaval."

Mwaisha alitia betri mpya, akaiwasha yeye mwenyewe, akitabasamu. Tabasamu likakauka.

"Huyu nani?"

"Mama Nkwabi. Muuza wali."

"Na mimi niko wapi?"

"Umo. Umo humo ndani."

Dhaval alikuja, akabonyeza hapa na pale. Alikuwa kijana mpole, lakini sauti yake ilifika mlangoni. "Hamna kitu kingine, Bwana Sufiani. Iko moja tu. Zingine zimefutwa, na haifuti yenyewe. Ni mtu amefuta."

Hapo ndipo Sufiani alipoelewa. Damu ilimpanda masikioni. Alitazama pande zote: wakulima, akina mama wa vitenge, Mzee Mansukhlal ameshusha miwani. Mbele ya watu wote hao aseme nini? Kwamba yeye, anayeitwa fundi kutoka Kagongwa hadi Geita, hakujua kwamba kamera isiyo na filamu haina negative?

"Ulinifuta kwa mkono wako?" Mwaisha aliuliza polepole.

Sufiani akanyamaza.

"Ukamwacha huyu."

Sufiani akatazama buti zake.

"Heri yule aliyetumia mkasi, angalau bega lilibaki. Chukua kamera yako, kaka. Mteja mwingine, karibu."

Sufiani alipiga simu siku ya pili yake, na siku zilizofuata. "Duka la Mansukhlal," ile sauti ingesema, na ikishamtambua, "Tumefunga," ilhali alisikia watu wakibishania bei nyuma yake. Akaacha kupiga. Aliazima kamera ya filamu, akaitupa ile ya fedha chini ya begi, akarudi Nyarugusu kama mtu anayekwenda kuzika.

Wachimbaji walikuwa wakimsubiri na nusu ya pili mikononi.

"Mwangaluka, fundi!" Onesmo, mkubwa wa duara lile, alimsalimia kwa Kisukuma. "Leta sura zetu."

Njiani Sufiani alikuwa ametunga uongo wa kila namna: kamera imeibwa, mto umefurika, Mwanza kuna moto. Lakini pale, mbele ya nyuso zile, uchovu ukamzidi. Hakuwa na nguvu za kuubeba uongo.

"Nimezifuta," alisema. "Nilidhani negative zinabaki ndani. Hazibaki. Sikujua."

Onesmo akakuna shingo. "Hazibaki? Sasa zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Basi tu, hakuna."

"Hata mimi ningefuta," mmoja alisema.

"Mashine gani hiyo isiyokuwa na negative? Huo si wizi?"

Walimtukana kidogo, maana ilikuwa haki yao, kisha wakaanza tena kuazimana lile shati jeupe. Sufiani aliwapiga picha bila malipo mengine. Jioni, baada ya kumsikiliza akisimulia habari yote ya Mwaisha, Mama Nkwabi alimsukumia sahani ya wali.

"Kula. Unapungua kama sabuni ya bafuni. Yule wa simu umemweleza hivyo ulivyotueleza sisi?"

"Nimweleze nini, mama? Kwamba sijui kazi yangu?"

"Sasa hivi anaamini kazi unaijua, na wanawake unao. Wewe umeona hilo ndilo lenye heshima?"

Sufiani aliacha kula.

Asubuhi aliendesha hadi Buseresere, kwenye duka la simu ya kulipia. Nyuma yake palikuwa na foleni, na hapakuwa na mlango wa kufunga.

"Duka la Mansukhlal."

"Mwaisha, usikate. Nina neno moja. Sikukufuta. Yaani nilikufuta, lakini nilidhani negative inabaki."

"Inabaki wapi?"

"Ndani ya kamera."

"Kamera isiyo na filamu?"

"Ndiyo."

"Sufiani. Mimi si nilikwambia haina filamu?"

"Uliniambia."

"Negative ungeipata kwenye nini, sasa? Kwenye betri?"

Watu wa foleni walianza kucheka. Sufiani aliwaachia wacheke. Upande wa pili alisikia pumzi, kisha kitu kama kikohozi, kisha Mwaisha akacheka kweli, kicheko kirefu kilichoishia kwenye machozi.

"Kwa nini hukusema siku ile? Ulisimama kama mbuzi kwenye lori."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Watu wale walikuja kununua redio. Ni mimi niliyekuuliza. Ungenijibu mimi."

"Nimekosa, mpenzi."

"Unajua wiki hizi nimelala vipi? Nahesabu vitambaa vya watu, nafikiria mwiko wa mwanamke nisiyemjua. Nimechoka, Sufiani. Sitaki tena kukaa kwenye kioo cha mtu, akitaka anawasha, akitaka anazima."

"Hata mimi nimechoka. Barabara imenitoa roho."

Simu ilikwaruza kidogo.

"Basi tuchokee nyumba moja," Mwaisha alisema.

Sufiani alishika ukingo wa meza.

"Umesema?"

"Umenisikia. Na usinipigie tena hapa, Mzee Mansukhlal anayajua mapigo ya moyo wangu kuliko daktari. Mwandikie baba mdogo Kagongwa, Mzee Zamoyoni, muuza mchele. Tafuta mshenga mtu mzima, apeleke barua kwa mkono. Na usiandike 'kijana wetu ameona ua'. Ua lilishachumwa mara moja, na wewe si kijana."

"Niandike nini?"

"Ukweli. Siku hizi si unaujua?"

Akakata.

Pale Buseresere alimtafuta Mzee Jilala, dereva wa lori aliyekuwa akirudi Isaka kupakia mizigo. Walijuana tangu ile ajali ya ng'ombe, maana Jilala ndiye aliyemwokota mtaroni. Mzee alifuta mikono ya oili kwa tambara, akakubali ushenga kabla hajamaliza kuombwa.

Sufiani alinunua karatasi na bahasha, akaketi juu ya gunia la dagaa, akaandika. Alichana ya kwanza, maana ilikuwa na maneno makubwa. Ya pili ilikuwa fupi:

"Mzee Zamoyoni, shikamoo. Mimi ni Sufiani bin Maganga, mpiga picha, mzaliwa wa Tabora. Namwomba binti yenu Mwaisha awe mke wangu. Nimechelewa kwa sababu anayoijua mwenyewe. Mkimwuliza, atacheka. Akicheka, ninaomba mhesabu kwamba hilo ndilo jibu lake."

Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Akalamba gundi kwa ulimi mkavu, ikakataa kushika, akalamba tena, akaibana juu ya goti kwa kiganja mpaka alipohakikisha imeshika.

"Nikifika niseme wewe uko wapi?" Mzee Jilala aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Sema niko nyuma, nakuja polepole."

Mzee alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia kifuani chini ya shati, akafunga kifungo, na lori likaingia barabarani.