Mkono wa Unga

Kulusum alipoosha mikono ili amnyonyeshe mwanawe, mkono wa kushoto haukusikia maji. Akaunusa. Ulinuka jasho la mtu mwingine, jasho la kwapa lililolala siku tatu, akatapika palepale uani kwao Koboko.

“Mama, hii mukono si ya mimi,” alimnong'oneza mkwewe, Jamilah.

“Iko kwa bega yako. Ya nani sasa?”

“Sijui. Inanifuata tu.”

Wiki nzima Jamilah ndiye aliyemshika mtoto kifuani pa mama yake, maana Kulusum hakukubali nyama ile imguse. Usicheke. Kucha zilitoa uchafu wa njano hata zikisuguliwa kwa majivu, na kila mtoto alipolia vidole vilijikunjakunja vyenyewe. Kinyaa kilimkaba, lakini hamu ya kumkumbatia mwanawe kwa mikono miwili ilimtesa zaidi.

Mchana mmoja akaitwa Faki Swaka, mganga wa kisomo kutoka Dranya. Alisema jini hatoki bila kupewa nyumba. Akafinyanga mkono kwa unga uliochacha wa kisra, mikate yao myembamba, akauweka mbele ya Kulusum, na wa kweli akauficha chini ya shuka. Kisha akachukua vipande viwili vya pamba, akaipapasa mikono yote miwili kwa pamoja, kidole kwa kidole.

“Kichwa ya mutu inaamini macho,” alinong'ona. “Tazama tu.”

Kulusum alilitazama donge lile lenye mapovu na nzi, akiyameza matapishi yake, hadi akaisikia pamba mle ndani ya unga, laini kabisa, akalia kwa furaha kwa kuwa vidole vyake vimerudi.

“Nasikia pale,” akasema.

“Basi jini imehama. Mama, choma yote.”

Jamilah alilelewa akijua chakula ni neema, na neema haichomwi hata ikichacha. Akaupeleka mkono wa unga nyuma ya jiko, akawatupia kuku.

Ndani, Kulusum alipiga yowe. Alisikia midomo midogo ikimdonoa, ikimmega chembe kwa chembe, ikigombania kidole gumba chake na kukivuta huku na huku, ikimmeza angali hai, na alipofunua shuka auokoe mkono wake hakukuta hata mkwaruzo. Aliyehama alikuwa yeye, si jini. Mkono ule wa kucha za njano ulikuwa umeshamfikia mtoto mkekani, unampapasa shavu, na mtoto akanyamaza, akafumba macho, akaanza kuunyonya.