Nyumba Yangu Ilipakiwa Kwenye Lori

Namba za chaki... Hizo ndizo nilizoziona kwanza.

Zilikuwa kwenye mbao za nyumba yetu, ubao baada ya ubao. Nilidhani ni Kendi, binti yangu, ameanza kujua kuandika. Nikachukua kitambaa, nikapangusa ukuta wa jikoni wote. Kwingine nikaacha.

Wasomaji wangu, niliacha shule darasa la sita, na kuongea mbele ya watu hunishinda. Ndiyo maana naandika.

Mume wangu Salesio aliomba talaka. Akataka pia kuuza boma letu la Kiirua. Hakimu akakataa.

"Nyumba ya ndoa isiuzwe wala isiguswe mpaka kesi iishe!"

Salesio alinicheka pale mlangoni mwa korti.

"Karwirwa, ukiulizwa jina unaangalia viatu. Utanishinda wewe?"

Siku ya kesi iliyofuata nilifunga mlango, nikaenda kortini Meru. Salesio hakufika.

Nikarudi nyumbani, ufunguo mkononi...

Mlango hakuna.

Nyumba hakuna!

Mawe ya msingi tu, kitanda kwenye matope, na kuku wanapekua pale tulipokuwa tunalala.

"Mama Kendi, kwani hamhami?" jirani yangu Nelius akashangaa. "Mafundi wamebomoa ubao kwa ubao wakifuata namba za chaki, wakapakia kwenye lori!"

Nikampigia Salesio simu.

"Hakimu alikataza kuuza boma. Mimi nimeuza mbao," akasema. "Usiku ukisikia baridi, jifunike ile amri ya korti."

Tulilala kwa Nelius siku chache, kisha nikampeleka Kendi kwa mama yangu. Tulipofika langoni, mtoto akasimama.

"Mami... ile ni nyumba yetu."

Ndugu yangu Marete alikuwa juu ya ngazi akipigilia mabati. Anajenga, anataka kuoa. Ukuta mmoja ulikuwa umepinda, masizi ya jiko langu yakiangalia nje. Ni ule niliopangusa namba.

"Marete... hii ni nyumba yangu."

"Tangu lini msichana akawa na nyumba? Shemeji ameniuzia. Hebu nishikie hiyo bati, usisimame bure!"

Nikaishika.

Mama akanivuta kando.

"Ukimtaja ndugu yako kortini, usiniite mama tena."

Akatupatia stoo ya mahindi tulale.

Kortini Salesio alipangusa macho.

"Mbao ziliibwa, mheshimiwa. Hata mimi nalia."

Hakimu akanigeukia.

"Mama, tukijua ziliko tutaamuru zirudishwe. Unajua ziko kwa nani?"

Nikaangalia viatu.

Kesi ikaahirishwa. Salesio akanikonyeza.

Dada zangu, sheria inaweza kukulinda, lakini haitajua njia ya kwenu usipoionyesha. Amri ya korti haina miguu. Inatembea kwa mdomo wako.

Leo Marete ameleta bibi harusi. Mimi napika chai ya wageni hapa nje, moshi machoni, na ndani wanacheka.

"Huyo ni nani?" nimemsikia bibi harusi akiuliza.

"Ni msichana wa kusaidia mama," Marete amejibu.

Mama yuko hapo. Anapanga vikombe.

Haya. Lile lililonishinda mbele ya hakimu nalisema hapa, na kesi ikitajwa tena nitalisema huko nikiwa nimeinua kichwa:

Nyumba yangu iko kwa Marete, mtoto wa mama yangu. Naitaka.